Fundo la Mashoto

Nyumbani kwa Thirza Luscombe, mtaani Stoke, Plymouth, mgeni hakupata pa kuweka kikombe. Mezani palikaa dira ya kapteni mmoja aliyezamisha meli mbili za adui na moja ya kwake mwenyewe. Dirishani zilipangwa darubini kwa urefu. Katika droo ambamo watu wenye akili zao huweka uma na visu, yeye alilaza vyombo vya kupimia jua, kila kimoja kimeviringishwa taulo la jikoni, na uma zake zilisimama kwenye kopo la maua. Kila kitu mle kiliwahi kuwa mali ya ofisa wa jeshi la majini anayejulikana kwa jina. Chombo ambacho mwenyewe hakujulikana, Thirza hakukitaka hata cha bure. Ukimuuliza hiki cha nani, alikutajia ofisa, meli yake, mtu aliyegombana naye, na hata kama chai yake aliinywa na maziwa.

Watu walishangaa alivipataje, maana mshahara wa mshona bendera haufichiki. Maisha yake yote ya kazi Thirza alishona bendera za meli za kivita katika karakana ya bandari ya Devonport, na jioni akawashonea wakusanyaji wenzake vitambaa vya ndani ya makasha. Malipo yake yalikuwa dira iliyopinda hapa, kioo kilichopasuka pale. Alikuwa mbishi kupita kiasi, na alimchukia waziwazi mtu yeyote aliyeng'arisha shaba ya kale mpaka ikameremeta.

Sababu hasa ya makusanyo yote hayo ilikuwa darubini moja ambayo haikuwamo.

Baba yake, Reuben Luscombe, alikuwa mtumishi wa maofisa melini: kuwapigia pasi, kuwapelekea chai, kuwasugulia shaba. Alimtumikia Admirali Sir Lambert Oakshott mpaka siku admirali alipokabidhi meli, na darubini yake ikatafutwa isionekane. Ufunguo wa kabati alikuwa nao Reuben. Hawakumfunga. Walimfukuza bila pensheni wala shukrani, akamaliza maisha yake akishusha makaa ya mawe, na majirani wakawa wanaondoa saa zao mezani kila alipoingia kuwajulia hali. Alipokufa Thirza alikuwa bado msichana. Reuben hakuwahi kujitetea hata kwa neno moja, na Thirza aliuchukua ukimya ule kuwa ndio utetezi wenyewe. Aliona mtu safi hana haja ya kupiga kelele.

Dada yake mkubwa, Keziah, hakuona hivyo. Siku ya mazishi ya mama yao, nyumba imejaa watu na mikate ya nyama haijaguswa, Keziah alisema, "Baba alikuwa mtu mzuri, Thirza. Lakini ile darubini ilipita mikononi mwake. Sikiliza nikwambie." Thirza hakusikiliza. Alimfungulia mlango mbele za watu akamwambia asikanyage tena pale. Keziah alikaa Saltash, ng'ambo ya daraja tu, na tangu siku hiyo Thirza hakulivuka daraja. Krismasi zilileta kadi zenye majina matupu. Alichotaka Thirza duniani kilikuwa kimoja: aikute darubini ya Oakshott mikononi mwa mtu mwingine, mtu yeyote asiye baba yake, kisha Keziah aje aombe radhi kaburini.

Siku moja ya Machi simu ikalia. Alikuwa Daktari Aubrey Tancock, tabibu wa melini aliyestaafu, mkusanyaji mwenzake, na mtu pekee aliyethubutu kumtania.

"Mpenzi," alisema, maana Plymouth hata muuza samaki anakuita mpenzi, "umekaa? Kaa. Komanda Peverell amefariki."

"Yule wa Yelverton? Mbona nilidhani alishakufa zamani!"

"Alichelewa kidogo. Sasa binti yake anauza vitu. Kuna darubini, imezungushiwa kamba karibu mrija mzima. Alhamisi alasiri. Nimealikwa mimi, nawe nakubeba, ila usiniletee ule uso wako."

"Uso gani?"

"Huohuo ulionao sasa."

Thirza aliweka simu. Kabla ya kuwa komanda, Peverell alikuwa luteni kijana, msaidizi wa Admirali Oakshott, katika meli ileile na siku zilezile. Alijiambia asitarajie kitu. Alitarajia kila kitu.

Alhamisi walipanda na gari la Tancock kuelekea nyikani, ukungu umekaa barabarani na kondoo wamekaa ndani ya ukungu. Tancock alipiga honi, kondoo wakamtazama.

"Ukiinunua, kamba utaikata," Thirza alisema.

"Nitaikata, ndiyo. Kamba ni nguo, mpenzi. Mimi nataka kumwona aliyeivaa."

"Una roho mbaya."

"Nina roho ya daktari."

Wote wawili walijua kwa nini. Jina la ofisa huchorwa kwenye shaba ya mrija, na mtumishi akiisugua shaba kila asubuhi kwa miaka, jina huliwa polepole na kitambaa. Ndiyo maana wakusanyaji wa kule hulitilia shaka jina linalosomeka vizuri mno. Lakini mabaharia wengine waliizungushia darubini kamba nyembamba ili isiteleze mkononi, na jina likiwa chini ya kamba hubaki salama kama lilivyochorwa.

Bi Honor Hext, binti wa marehemu komanda, aliwapokea mlangoni na mbwa mzee aliyepumua kwa shida. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, wa aina ya wale wanaokuomba radhi kwa mvua. Chai ilikuwa tayari, na skonzi, na jamu. Darubini ilikuwa imelazwa juu ya gazeti, mwisho wa meza.

Thirza hakuigusa chai. Aliinama juu ya ile kamba, akashika ukingo wa meza.

Kamba ilianza na kuishia kwa lile fundo ambalo mabaharia wanalisuka kuzunguka mrija mithili ya kilemba kichwani. Baharia hulisuka kwenda kulia. Reuben Luscombe alitumia mkono wa kushoto, na fundo lake lilikwenda kinyume. Melini walimcheka kwa hilo, walisema hata kamba zake zinarudi nyuma. Jioni za baridi alimfundisha Thirza kulisuka kwenye mpini wa chuma cha kuchochea moto, kwa kuwa na yeye alizaliwa wa mashoto, na dunia ina walimu wachache wa watu wa mashoto. Mafundo haya mawili yalikwenda kinyume.

"Ni ya baba tangu ujana wake," Bi Honor alikuwa akimweleza Tancock. "Babu alimnunulia alipopata uluteni. Haikutoka dirishani kwake. Kusema kweli naona vibaya kuiuza, lakini nyumba hii ni kubwa na mimi..."

"Hili fundo ni la baba yangu," Thirza alisema.

Tancock alifumba macho. Ule uso ulikuwa umefika.

"Samahani?" Bi Honor alisema.

"Baba yangu ndiye aliyelisuka. Reuben Luscombe."

Kijiko cha Bi Honor kilisimama ndani ya jamu. "Luscombe," alisema. "Si ndiye yule... Oo. Samahani sana."

"Sema tu. Si ndiye yule mwizi?"

"Baba alimtaja mara moja tu. Alisema kulikuwa na mtumishi aliyefukuzwa kwa darubini ya admirali, na kwamba hakupata kuona mtu bora kuliko yule melini. Kisha akatoka nje. Nilikuwa mdogo, sikuelewa kwa nini alitoka nje."

"Mimi naelewa," Thirza alisema. "Darubini ya admirali ndiyo hii."

Bi Honor hakupandisha sauti. Watu wa namna yake wakikasirika ndio kwanza sauti hushuka.

"Bibi Luscombe. Umekunja miguu chini ya meza yangu, unaniambia baba yangu, niliyemzika juzi, alikuwa mwizi."

"Nakwambia fundo ni la baba yangu."

"Tulieni kidogo, mabibi," Tancock aliingilia. "Reuben aliwatumikia maofisa wote wa meli ile. Luteni angeweza kumwomba amfungie darubini yake mwenyewe, na ikawa ni hivyo tu. Fundo halisemi darubini ni ya nani. Linalosema liko chini yake."

Ilikuwa kweli, na Thirza aliuchukia ukweli huo. Bi Honor aliinuka, akafungua droo, akarudi na mkasi wa kushonea, akauweka mbele ya Thirza kwa adabu zote.

"Basi kata. Chini yake pana jina la Peverell. Ukishaliona utamwomba radhi baba yangu, kisha Daktari Tancock atakurudisha kwako."

Thirza aliutazama mkasi. Hakuwa na kitu kingine kilichotoka mikononi mwa Reuben. Sare zake zilirudishwa jeshini, na nyumba yao iliungua vitani na kile chuma cha moto ndani yake. Akikata, na jina likawa la Peverell, atakuwa ameharibu kazi pekee ya baba yake iliyobaki duniani, amewatukana watu ndani ya msiba wao, na Keziah atabaki na neno lake. Asipokata, ataiacha iende na Tancock, na yeye mwenyewe hataishi kwa amani hata siku moja.

Aliusukuma mkasi pembeni. "Haukatwi uzi hapa," alisema. "Nitalifungua."

"Fundo la miaka hiyo yote? Limekuwa jiwe hilo, mpenzi."

"Nyamaza, Aubrey."

Alitoa sindano nene ya kushonea bendera kwenye mkoba wake, akaanza. Mkono wake wa kushoto ulilijua lile fundo njia yake yote. Alilegeza uzi mmoja, akafuata wa pili pale unapopita chini, akapuliza vumbi, akafuata tena. Tancock alikuwa akimwangalia huku skonzi ikimning'inia mkononi. Bi Honor alisimama nyuma ya kiti, vidole vimeshika mgongo wa kiti mpaka vikawa vyeupe. Fundo lilipoachia, kamba iliyozungushwa chini yake ilianza kutoka duara kwa duara, na shaba ikaonekana, ya njano iliyofifia, safi, haijaguswa na hewa.

Hapakuwa na jina.

Kisha duara jingine likatoka, na pale pembeni kabisa ikaonekana mistari miwili iliyosimama karibu karibu. Mwisho wa jina.

"L mbili," Bi Honor alisema, na pumzi ikamtoka. "Peverell. Mnaona? L mbili."

L mbili zilikuwa pale, zimenyooka, ndefu, hazina shaka. Thirza alianza kufungua mdomo aombe ile radhi.

"Hebu niisogeze dirishani," Tancock alisema. Akaiinua darubini kwenye mwanga, akatoa kioo chake cha kukuzia, akainama, akakaa hivyo muda mrefu mno kwa mtu mwenye haraka. "Bi Hext, nisamehe. Zina vijiti vya katikati. Ni t. T mbili."

Kila mtu mle ndani aliweza kulimaliza jina la Oakshott.

Furaha ilimpanda Thirza kwa nguvu ya kumtia aibu. Alitaka kuimba. Alitaka kusimama juu ya meza ile akanyage jamu. Bi Honor aliketi taratibu, na uso wake ulikuwa umezeeka kwa muda ule mfupi.

"Herufi nyingine ziko wapi?" aliuliza.

"Zimefutwa kwa tupa," Tancock alisema kwa upole. "Aliyezifuta aliacha mbili za mwisho. Labda alikuwa na haraka. Kisha kamba ikafungwa juu."

"Baba yangu," Bi Honor alisema. "Alilifuta jina la admirali, akaiweka dirishani miaka yote, akatunywesha sote uongo." Alianza kulia bila sauti. "Akamwacha mwenzake afukuzwe. Bibi Luscombe, sijui nikwambie nini. Chochote unachotaka nikiseme, kwa yeyote, nitakisema. Nitasimama kanisani niseme."

Hayo ndiyo maneno ambayo Thirza aliyasubiri tangu akiwa na nywele nyeusi. Yalikuwa mezani, yametolewa bure. Aligeuka amtazame Tancock, ili angalau mtu mmoja afurahi pamoja naye, na Tancock hakumtazama. Tancock alikuwa ameinamisha macho kwenye kikombe chake, kwa heshima nyingi, na pale pale Thirza akaelewa.

"Kisha kamba ikafungwa juu," daktari alikuwa amesema. Kamba ilikuwa ya nani? Alikuwa amelitangaza mwenyewe, kwa sauti, kabla hata ya chai kupoa.

Akili yake ilikimbilia kila mlango. Labda luteni aliifungua, akafuta, akairudisha kamba. Lakini luteni angelirudisha vipi fundo la kinyume ambalo meli nzima ilishindwa kulisuka? Labda baba hakuona. Mtu anazungusha kamba juu ya shaba iliyokwaruzwa, uzi kwa uzi, asiione? Akaichukua darubini kutoka kwa Tancock, akaitazama ile mikwaruzo. Yote ilikuwa imelala upande mmoja. Akachukua kijiko cha chai kwa mkono wa kushoto, akakipitisha juu yake bila kugusa, namna mtu anavyosukuma tupa, na mikwaruzo ikafuata mkono wake sawasawa. Akakihamishia kulia. Ilikataa.

Bi Honor alikuwa akijifuta macho, hakuwa akiona lolote. Tancock asingesema. Thirza alilijua hilo kwa hakika. Daktari yule aliwahi kuficha siri za watu wengi. Ilitosha tu anyamaze, anywe chai, aende nyumbani na ushindi wake. Angeweza kumleta Keziah kaburini Jumapili ile ile.

Alinyamaza. Mbwa alihema. Bi Honor alisema, "Maskini baba yako," na Thirza akashindwa kuendelea.

"Usimlilie," alisema, na sauti ilimtoka ngumu kuliko alivyokusudia. "Aliyelifuta jina ni mtu wa mashoto. Tazama. Aliyefunga kamba ni yeye yuleyule. Ni baba yangu. Sijui baba yako aliipataje kwake, lakini mkono huu ni wa baba yangu."

"Unasema hivyo kunifariji."

"Mimi?" Thirza alisema. "Sijawahi kumfariji mtu."

Bi Honor hakujua afanye nini, kwa hiyo akammiminia chai nyingine, na Thirza akainywa yote, ya baridi na ya moto. Darubini haikuuzwa siku ile. Bi Honor aliomba ibaki kwake kwanza, na hata Tancock hakubisha.

Gari lilianza kushuka mjini.

"Nikupeleke nyumbani, mpenzi?"

"Saltash," Thirza alisema.

Tancock alitia gia, akavuka daraja.

Keziah alikuwa bustanini kwake anapalilia, mzee zaidi ya Thirza alivyomkumbuka. Alimwona mdogo wake anakuja kwenye kijia, akabaki na jembe dogo mkononi.

"Nimeiona darubini," Thirza alisema. "Jina alilifuta baba. Wewe ulijua."

"Nilijua. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Jikoni kwetu. Wewe ulikuwa umelala juu, mtoto mchanga. Luteni Peverell alikaa kwenye kiti cha mama, kofia magotini. Admirali alikuwa amemtukana mbele ya watu, akataka kumlipiza, ndivyo nilivyoelewa. Baba akasugua na tupa, akafunga kamba, akampa mikononi."

"Kwa nini alikubali?"

"Thirza, ofisa alimwambia afanye. Baba alijua neno moja tu la kumjibu ofisa."

"Na walipomfukuza? Si angemtaja!"

"Mama alimpigia magoti amtaje. Baba alisema ofisa hatajwi, basi." Keziah alichomeka jembe ardhini. "Nilianza kukwambia. Hukutaka kunisikia."

Thirza aliinama akang'oa gugu moja lililobaki.

"Nikwambie jingine?" Keziah alisema. "Mwaka uliofuata tulikuwa tunatoka kazini kwake, mimi na yeye, amejaa makaa mpaka kwenye nyusi. Tukakutana na Peverell barabarani, yuko na mkewe. Aligeuza uso asituone. Na baba, Thirza, baba akasimama wima pale pale, na ule weusi wake, akampigia saluti."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Thirza alimkasirikia baba yake. Hasira ilimpanda kifuani, ikamfika machoni, ikamwagika. Keziah alisogea kwenye benchi ili mdogo wake apate pa kukaa.